Waya au nailoni nene? Cha kununua kwa samaki wenye meno

Wengi wanaoanza kuvua samaki wawindaji wa maji baridi kwa chambo cha manyoya humaliza pesa kwenye ufito na rili. Sentimita 30 za mwisho, zile zinazoingia mdomoni mwa samaki, wanafunga chochote kilichobaki. Paiki, samaki mwindaji mrefu mwenye meno makali, akikata hapo, anaondoka na ndoana tayani, na ikiwa imempata vibaya hataweza hata kufungua mdomo ale. Nunua kipande hiki kwanza, na ukichague kwa kuangalia meno ya samaki unayemfuata.

Nafasi ya kwanza naupa waya laini wa chuma kisichoshika kutu, uliosokotwa kwa nyuzi 49 nyembamba. Unafungika fundo kama mshipi wa kawaida, hauhitaji vibanio, na wepesi wake unakiacha chambo kicheze majini badala ya kuning'inia kikiwa kimekakamaa. Dukani, uzungushe kidoleni mara mbili tatu kisha uachie: mzuri hunyooka, mbovu hubaki na mikunjo. Kwa paiki chukua wa ratili 20 hadi 30, yaani kilo 9 hadi 14 hivi, na uhakikishe una nguvu kuliko nailoni iliyo juu yake. Fundo lenye umbo la tarakimu 8 linatosha kwenye ndoana. Likaze polepole kwa koleo, maana ukivuta kwa pupa waya hujisokota papo hapo. Upo pia uliovikwa plastiki. Si mbaya, ila meno yakishachana ganda lake, utupe.

Wa pili ni waya wa titani, ambao kwa kawaida ni mchanganyiko wa nikeli na titani. Huu haukunjiki kirahisi: samaki anajiviringisha, waya unarudi ukiwa umenyooka, na kipande kimoja kinaweza kuvua samaki wengi. Ni ghali, na mafundo yake yanataka mkono uliozoea. Kinachonifanya nisiupe nafasi ya kwanza ni kwamba ukichoka unaweza kukatika ghafla bila kuonyesha dalili.

Fluorokaboni nene, mshipi wa plastiki unaofanana na nailoni, ndiyo yenye mabishano. Mwanga hupinda ndani yake karibu sawa na ndani ya maji, kwa hiyo haionekani sana, na wavuvi wengi wa paiki wanaitegemea wakinunua ya unene wa milimita 0.8 hadi 1. Kwa paiki mkubwa aliyemeza chambo hadi ndani mimi siiamini, kwa sababu meno ya pembeni huikwangua hadi ikatike. Kwa samaki wa jamii ya Hydrocynus, wale wa mito na maziwa ya Afrika ambao meno yao yanaonekana hata mdomo ukifungwa, usiijaribu kabisa. Lakini kwa sangara inapanda hadi nafasi ya kwanza: hana meno ya kukata, mdomo wake unakwaruza kama msasa, na waya kwake ni mzigo wa bure.

Waya wa uzi mmoja ni rahisi na mwembamba, na huhimili meno ya Hydrocynus vizuri. Tatizo, ukishapinda mara moja umekwisha: penye kona ndipo utakapokatikia. Nailoni ya kawaida, hata nene, iache kwa samaki wasio na meno makali.

Kuhusu urefu, sentimita 25 hadi 30 zinatosha. Anayewania rekodi ajue kwamba IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za uvuvi, hakiruhusu kipande hiki kizidi inchi 12, mafundo yakiwemo. Nunua roli nzima badala ya vipande vilivyofungwa kiwandani, upate kubadilisha bila kuona uchungu. Baada ya kila samaki, pitisha waya katikati ya kucha mbili: ukihisi uzi mmoja tu umechomoza, funga mpya kabla ya kurusha tena.