Denver hadi Salt Lake City wakati wa Krismasi: I-70 au I-80?

Kwa umbali, barabara kuu hizi mbili za Marekani hazipishani sana. Zote zinazidi kilomita 800. Kinachozitenganisha ni hali ya hewa.

I-70 inakwea Milima ya Rocky hadi handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kisha inapanda tena Vail Pass. Theluji ni nyingi, na sheria ya Colorado inadai matairi yanayoifaa, au minyororo, kuanzia Septemba hadi Mei. Kero kubwa ni foleni za watu wanaokwenda kuteleza kwenye theluji. Lakini hadi Grand Junction miji haiko mbali mbali; ukikwama, utapata pa kulala.

I-80 ya Wyoming huonekana rahisi kwenye ramani. Usidanganyike. Kati ya Laramie na Rawlins, karibu na Elk Mountain, upepo huzoa theluji iliyokwisha kuanguka na kuirusha barabarani, mpaka dereva haoni mbele hata kama juu anga ni ya buluu. Malori yasiyo na mzigo hupinduliwa. Kipande hicho kilifunguliwa mwaka 1970, na wenyeji walikuwa wameshaonya kwamba barabara ya zamani, US 30, ilipita mahali salama zaidi. Sasa kuna mageti. Yakifungwa unasubiri, uwe na watoto au huna.

Mimi ningeshika I-70, alfajiri, siku isiyo ya wikendi. I-80 ningeikubali tu utabiri ukionyesha upepo umetulia, tangi limejaa na mablanketi yamo kwenye buti.