Kukaza uso kwa upasuaji: kifurushi cha Istanbul au hospitali ya nyumbani?

Matangazo ya kukaza uso yamejaa kwenye simu za watu wa Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa na Muscat, na mengi yanatoka Istanbul. Upasuaji, hoteli, gari la kukupokea uwanja wa ndege na mkalimani, vyote kwa bei moja. Kinachouza ni picha za kabla na baada. Tathmini hii inaipima huduma kwa kigezo kingine: nani atakuwa karibu nawe saa 24 za kwanza, na nani atakuona mpaka nyuzi zitolewe. Matatizo makubwa ya upasuaji huu hujitokeza mgonjwa akiwa ameshatoka chumba cha upasuaji, na hapo ndipo kliniki nzuri inapotengana na ya ovyo.

Kwanza, unalipia nini. Daktari huanza kupasua ndani ya nywele juu ya sikio, hushuka mbele ya sikio akifuata mikunjo yake ya asili, huzunguka ndewe, hupanda nyuma ya sikio na kumalizia ndani ya nywele za kisogoni. Kazi nzima huchukua saa 3 hadi 6, kwa nusukaputi au kwa ganzi pamoja na dawa ya kusinziisha. Zamani ngozi ndiyo iliyovutwa. Mwaka 1976 Mitz na Peyronie wa Ufaransa walieleza tabaka la utando na misuli lililo chini ya mafuta ya uso, linaloitwa SMAS, na tangu hapo kazi ya maana ikahamia huko. Kuvuta ngozi peke yake ni sawa na kunyoosha shuka juu ya godoro lililobonyea: baada ya muda mfupi kila kitu kimerudi, ila makovu yametanuka na ndewe zimevutwa chini zikashikana na shavu. Ndewe za namna hiyo ndizo humfichua mtu aliyepasuliwa vibaya.

Jina linalonadiwa zaidi siku hizi ni deep plane, mbinu iliyoelezwa na daktari Mmarekani Sam Hamra mwaka 1990. Daktari hupita chini ya SMAS, huachilia kano zinazolishikilia shavu, kisha huinua ngozi na tabaka hilo kwa pamoja. Inafaa kwa shavu zito na mkunjo mkubwa kutoka puani hadi mdomoni, na huo ndio uzee wa ngozi nyingi nyeusi: vikunjo vidogo huchelewa, lakini nyama ya katikati ya uso hushuka. Tatizo ni kwamba matawi ya neva ya uso, inayosogeza misuli yake, yako jirani kabisa na kisu. Kwa maoni yetu, tabaka la SMAS likikunjwa na kushonwa na mtu aliyelifanya miaka mingi ni bora kuliko deep plane ya anayejifunza. Usinunue jina la mbinu.

Ile wanayoiita mini hufanywa kwa kovu fupi, na mara nyingi kwa ganzi tu. Inamfaa mtu ambaye mstari wa taya ndio kwanza umeanza kulegea. Kwa shingo iliyolegea haitoshi, na kumuuzia mteja wa miaka 65 mini kwa sababu ni nafuu ni kumlipisha mara mbili. Hakuna aina yoyote ya upasuaji huu inayoondoa kope zilizolegea, mistari ya juu ya mdomo wala madoa ya ngozi. Matokeo mazuri hudumu takriban miaka 10.

Kabla ya kisu

Kliniki inayokupa tarehe kwa kuangalia picha za WhatsApp tu imeshafeli. Kabla ya tarehe unapaswa kupimwa wingi wa damu, kuganda kwa damu, figo, sukari na moyo, na kuulizwa kuhusu selimundu hata kama unabeba kinasaba kimoja tu. Presha ndiyo ya kwanza kwa uzito. Iwe imetulia chini ya 140/90 kwa wiki kadhaa, maana ikipanda baada ya upasuaji hufungua vimishipa vilivyokwisha kuzibwa. Mwenye kisukari ambaye HbA1c yake, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita, iko juu ya asilimia 8 aahirishe.

Tumbaku husimamishwa wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Hii ni pamoja na shisha, ugoro, sigara za umeme na hata plasta za nikotini. Ngozi iliyonyanyuliwa hubaki ikilishwa na vimishipa vidogo tu vya pembeni, na nikotini huvibana. Sehemu iliyo mbali zaidi na chanzo cha damu, nyuma ya sikio, hugeuka zambarau, kisha nyeusi, kisha hufa. Wavutaji hupata hali hii mara nyingi zaidi kuliko wengine, na hakuna daktari anayeweza kuitibu ikarudi kama ilivyokuwa.

Miraa nayo iachwe. Hupandisha presha na mapigo ya moyo, na mtu aliyetafuna usiku wa kuamkia upasuaji humpa kazi ngumu mtaalamu wa usingizi. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisimamishwe kati ya siku 7 na 14 kabla, pamoja na mafuta ya samaki, vitamini E, na vidonge vya kitunguu saumu na tangawizi. Anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache bila ruhusa ya daktari wake wa moyo. Anayechoma sindano za kupunguza uzito aseme mapema, kwani chakula hukaa tumboni muda mrefu na kinaweza kuingia mapafuni akiwa amelala. Halafu uzito uwe umetulia kwa miezi kadhaa, la sivyo ngozi italegea tena.

Jambo ambalo kliniki za Istanbul na London hulisahau kuuliza, na ambalo kwetu ni la lazima, ni mkorogo. Krimu zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi kama klobetasoli zikitumiwa miaka mingi hudhoofisha ngozi. Nyuzi huikata, kidonda huachia, kovu huwa pana. Kuna wanaoona aibu kulitaja. Mwambie daktari jina la krimu na miaka uliyoipaka, na yeye ndiye apange namna ya kuiacha, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi huwaka ukiiacha ghafla. Keloidi pia: kama umewahi kupata uvimbe wa kovu kwenye ndewe baada ya kutoga, au kifuani, onyesha. Kovu la mbele ya sikio kwa kawaida hupona vizuri hata kwa ngozi nyeusi. La nyuma ya sikio ndilo la kuchungwa, na mpango wa silikoni na sindano za triamsinoloni, steroidi ya kunywesha kovu, uwe tayari kabla ya upasuaji, usisubiri mpaka keloidi iote.

Nywele zifumuliwe: rasta, wiving, wigi la gundi, vyote. Dawa ya kunyoosha na rangi zitiwe mapema, kwa sababu baada ya upasuaji ni kungoja wiki 6 hivi. Hereni na vipini vitolewe. Chakula husimama saa 6 hadi 8 kabla, na maji matupu saa 2 kabla.

Usiku wa kwanza

Hapa ndipo pa kuikagua huduma kwa ukali. Tatizo kubwa linalotokea mara nyingi kuliko mengine ni damu kuvilia chini ya ngozi. Huwapata wachache katika kila wagonjwa 100, wanaume zaidi ya wanawake kwa sababu ngozi ya ndevu ina damu nyingi, na hutokea zaidi ndani ya saa 24 za kwanza. Baada ya upasuaji huu mtu husikia kukazwa na kuuma kwa wastani, pande zote mbili. Damu inapovilia, upande mmoja huanza kuuma kwa nguvu na kujaa, shavu huwa gumu, mdomo na kope za upande huo huvimba, na bendeji hubana. Lazima mgonjwa arudishwe chumba cha upasuaji saa hizo hizo, damu itolewe, la sivyo ngozi iliyo juu yake hufa. Ikijaa shingoni hubana njia ya hewa.

Muuguzi anayeijua kazi hii hupima presha mara kwa mara usiku kucha, hulinganisha mashavu mawili kwa macho na kwa vidole, hutazama damu kwenye mirija iliyoachwa chini ya ngozi kuitoa nje, na hampi mgonjwa dawa ya maumivu tu kabla hajajua kwa nini upande mmoja unauma zaidi. Hutoa dawa ya kichefuchefu mapema, kwani kutapika na kukohoa hupandisha presha. Sasa jiulize ni nani anafanya hayo kwenye chumba cha hoteli saa 9 usiku. Kifurushi kinachokupeleka hotelini jioni ya siku ya upasuaji hakifai, hata kama hoteli ina nyota 5. Usiku wa kwanza ni wa wodini.

Siku na wiki zinazofuata

Mirija hutolewa kati ya saa 24 na 48. Lala chali, kichwa kimeinuliwa kama digrii 30, kwa wiki 2. Barafu isigusane na ngozi: imekufa ganzi na utaiunguza kwa baridi bila kujua. Ndivyo ilivyo hata kwa mashine ya kukaushia nywele, itumie bila moto kwa miezi kadhaa. Uvimbe hufikia kilele siku ya 2 na ya 3, na alama za damu huteremka shingoni hadi kifuani. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi au zambarau iliyokolea. Usiziogope mradi pande mbili zinafanana.

Nyuzi za mbele ya sikio hutolewa siku ya 5 hadi ya 7, zikikaa zaidi huacha alama za ngazi. Za nyuma, na pini za chuma ndani ya nywele, siku ya 10 hadi ya 14. Usiiname wala kunyanyua mzigo kwa wiki 2, na mazoezi mazito yasubiri wiki 4 hadi 6. Kwa anayeswali, kusujudu siku hizo hushusha damu usoni, basi aswali ameketi na kuashiria, na apanguse juu ya bendeji wakati wa udhu. Usipange upasuaji karibu na Ramadhani. Wiki ya kwanza inahitaji maji, chakula laini na dawa kwa saa zake. Buibui na mtandio ni msaada mkubwa wa kuficha kovu na kulikinga na jua, ila usibane kwa pini nyuma ya sikio. Misuko ya kukaza pembeni mwa kichwa ingoje miezi, nywele za karibu na kovu hung'oka kirahisi.

Ganzi ya ndewe na shavu huisha polepole, hata mwaka mzima. Neva ya ndewe ndiyo inayoumia mara nyingi zaidi. Mdomo ukivuta upande mmoja au nyusi ikakataa kupanda, mara nyingi hurejea ndani ya wiki au miezi, na jeraha la kudumu la neva ya kusogeza uso ni nadra, chini ya mtu 1 katika 100. Kovu huiva baada ya miezi 12. Usikubali kurekebishwa kabla ya miezi 6.

Hukumu ya vifurushi

Istanbul ina madaktari hodari na bei yake ndiyo kivutio. Marekani, ada ya daktari peke yake ni wastani wa zaidi ya dola 11,000, bila usingizi wala hospitali, na Uingereza uso na shingo hufika pauni 10,000. Kasoro ya vifurushi ni siku. Ukipewa siku 5 au 7 utarudi na nyuzi nyuma ya sikio, utapanda ndege umevimba, na daktari wa nyumbani atakayezitoa hajui alichofanya mwenzake. Dai siku 14. Wizara ya Afya ya Uturuki hutoa kibali cha utalii wa tiba kwa hospitali na kwa mawakala, omba kukiona. Cheti cha JCI, shirika la kimataifa la kukagua huduma za afya, kinapima hospitali, hakimpimi daktari, kwa hiyo dai jina kamili la atakayeshika kisu na ulithibitishe mwenyewe. Wakala asiyelitaja jina hilo kabla ya amana, achana naye.

Nyumbani faida ni kwamba daktari yupo wiki ya 3 na mwezi wa 6. Kenya, jina lake litafutwe kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari la huko, na liwe la bingwa wa upasuaji rekebishi. Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Dubai ni DHA, mamlaka ya afya ya huko, Uingereza ni orodha ya mabingwa ya GMC, baraza lao la madaktari. Bingwa anayerekebisha majeraha ya moto na midomo sungura kila wiki si lazima awe anakaza nyuso kila mwezi. Muulize amefanya ngapi mwaka uliopita na wangapi walirudishwa kwa damu kuvilia. Anayejibu "hakuna hata mmoja" ama amefanya wachache mno ama hasemi kweli. Omba picha za wateja weusi, zilizopigwa baada ya mwaka mmoja, nywele zimebanwa nyuma ili sikio lionekane.

Amana isitumwe kabla hujajibiwa kwa maandishi ni nani atalipa ukirudishwa chumba cha upasuaji, pamoja na siku za ziada za hoteli na tiketi mpya. Bima za kawaida hazigusi upasuaji wa urembo wala madhara yake. Na kabla ya kuondoka, chukua ripoti ya upasuaji kwa lugha ambayo daktari wako anaisoma: mbinu, dawa za usingizi, aina ya nyuzi, tarehe ya kuzitoa. Kidonda kikifunguka au kutoa usaha wiki kadhaa baadaye, na dawa za kawaida hazisaidii, mwambie daktari kwamba ulipasuliwa nje ya nchi. Kuna bakteria wa ukoo wa kifua kikuu, waliowahi kuwapata Wamarekani waliopasuliwa kwa ajili ya urembo Jamhuri ya Dominika, ambao kipimo cha kawaida cha usaha huweza kuwakosa. Maabara lazima iombwe kuwatafuta.