Mwaka mmoja nikipima chembe za fedha kwa potenshiostati ya mkononi

Nianze na bei, maana najua ndiyo wengi mnayoitafuta. Pamoja na ushuru, kisanduku changu, yaani potenshiostati, kifaa cha kushikilia volti na kupima mkondo mdogo wa umeme, kilifika Dar kwa pesa zinazokaribia kununua bajaji mpya. Kampuni sitaitaja, kwa sababu nina ya kuisifu na nina ya kuilalamikia.

Kazi yangu ni vichujio vya maji vya udongo, vile vyenye umbo la chungu cha maua, ambavyo hupakwa chembe ndogo mno za fedha (madini, si ile inayokwisha tarehe kumi) ili kuua bakteria. Chembe zikiwa ndogo na zimetawanyika, zinafanya kazi. Zikishikana mabonge, sehemu kubwa ya fedha inajificha ndani ya bonge na haigusi maji. Kwa hiyo kila nikitengeneza dawa mpya nauliza maswali mawili: zina ukubwa gani, na zimeshikana kiasi gani?

Zamani nilitegemea mashine ya kupima mtawanyiko wa mwanga ya idara nyingine. Ukiacha foleni, ina tabia moja mbaya: mwanga unaotawanywa hupanda kwa kipenyo kipeo cha sita. Bonge moja la nanomita 80 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) linang'aa kama chembe 4,096 za nanomita 20. Mabonge machache tu yanatosha kuwafunika wadogo wote, kama spika ya harusi ya jirani.

Njia ya umeme inahesabu moja moja. Unachovya elektrodi ya unyuzi wa kaboni, wangu una kipenyo cha mikromita 7, kwenye maji yenye chumvi na chembe zako. Unaishikilia kwenye volti +0.6 dhidi ya elektrodi rejea (ile ya kulinganishia volti) ya fedha na kloridi ya fedha, kisha unasubiri. Chembe zinatangatanga zenyewe. Moja ikiigonga elektrodi inaoksidika, kila atomu inaachia elektroni moja, na kwenye skrini unachomoza mwiba. Eneo lililo chini ya mwiba ndiyo chaji. Chembe ya nanomita 40 ina atomu zinazokaribia milioni 2, na chaji yake ni pikokulombu 0.31 (pikokulombu ni sehemu moja ya trilioni ya kulombu, kipimo cha chaji). Na kwa kuwa chaji inafuata kipenyo kipeo cha tatu, ukikosea chaji kwa asilimia 30, kipenyo umekikosea kwa asilimia 9 tu. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniuzia kifaa, kuliko maneno yote ya muuzaji.

Mbinu yenyewe si mali ya kampuni. Xiao na Bard kule Texas walionesha migongano ya chembe moja moja za platini mwaka 2007, na mwaka 2011 Zhou, Rees na Compton wa Oxford wakaonesha namna ya kuipima fedha kwa kuioksidisha.

Sasa matumizi. Wiki ya kwanza sikuona chochote isipokuwa mawimbi ya umeme wa ukutani, yale ya mara 50 kwa sekunde. Mzee wetu wa maabara alisimama nyuma yangu akitazama, akasema, "Kijana, zima hilo feni. Na simu yako ipeleke nje." Kesho yake akaja na mkebe wa biskuti, ule mkubwa wa bati, akautoboa matundu matatu ya nyaya na kuufunga waya wa ardhini. Kizimba cha Faraday, yaani boksi la chuma la kuzuia umeme wa nje, cha dukani nilikuwa nimeandikiwa bei ambayo sithubutu kuirudia. Ndani ya mkebe, laptopu ikitumia betri yake, kelele ya umeme ilishuka hadi pikoampea 4 hivi (pikoampea ni sehemu moja ya trilioni ya ampea). Mwiba wa chembe ya nanomita 40, ukidumu milisekunde 10, una wastani wa pikoampea 31. Unauona kwa macho, huhitaji programu.

Malalamiko yangu yako hapa. Kwenye kijitabu wameandika kasi kubwa ya kuchukua vipimo. Hawakuandika, au wameandika kwa herufi za sisimizi, kwamba ukishuka hadi ngazi ya pikoampea kichujio cha umeme cha ndani ya kifaa kinautanua kila mwiba. Chaji haipotei, eneo linabaki lilelile, ila migongano miwili iliyokaribiana inaungana na kuonekana kama bonge. Niliwaandikia. Jibu lilikuja baada ya majuma matatu, likinishauri nipunguze chembe. Ni ushauri sahihi, ila ungekaa ukurasa wa kwanza.

Kosa la pili ni langu mwenyewe. Nilikuwa na dawa ambayo hadubini ya elektroni ilisema ni nanomita 20. Kifaa kikanipa miiba mizuri ya pikokulombu 0.31, yaani nanomita 40. Nilifurahi siku mbili nikidhani hadubini imekosea. Hesabu ilikuwa mbele yangu: chembe nane za 20 zikishikana, fedha yake ni sawasawa na ya chembe moja ya 40. Chembe moja ya 20 inatoa pikokulombu 0.039 tu, ambayo kwa milisekunde zilezile ni pikoampea 4, basi imezama kwenye kelele yangu. Nilikuwa naona mabonge peke yake na kuwaita wakazi wote.

Nani aliyezishikanisha? Mimi. Chembe hizi zimevikwa sitreti, chumvi ya asidi ya limau, yenye chaji hasi, ndiyo maana zinasukumana. Bila chumvi umeme haupiti vizuri, lakini chumvi ya molari 0.1 inaufupisha msukumano huo hadi nanomita 1 hivi. Nilipoiangalia chupa kwa makini, umanjano wake ulikuwa umeanza kuelekea kijivu. Siku hizi natia chembe mwisho kabisa, baada ya chumvi na elektrodi kuwa tayari, narekodi dakika tano za kwanza, kisha narudia baada ya nusu saa. Miiba ikipungua na kukua, najua kushikana kunaendelea mbele ya macho yangu, na kasi yake naiandika. Hilo mashine ya mwanga haikuwahi kunipa kwa uwazi namna hii.

Kwa mabonge makubwa sana sikiamini kifaa. Yanaenda polepole, yanatuama chini, na mengine yanaigonga elektrodi bila kuoksidika yote, hivyo yanaonekana madogo kuliko yalivyo.

Ningekinunua tena? Kwa fedha ya nanomita 30 kwenda juu, ndiyo. Chini ya hapo tafuta chenye kelele ndogo zaidi, au azima. Na ukinunua, tenga fungu la elektrodi: zangu mbili zimevunjika wakati wa kuzing'arisha kwa unga wa alumina, na moja ilikwenda na dada wa usafi, aliyeufungua mkebe akitafuta biskuti.