CD ya sauti au CD ya MP3: uchome ipi?

Kabla ya kuchoma CD kwa iTunes au Windows Media Player, unachagua: iwe ya sauti, au ya mafaili ya MP3? Usibonyeze haraka. Ya sauti inabeba dakika 80 tu. Kwa taarabu, ambako wimbo mmoja unaweza kufika dakika 12, hizo ni nyimbo sita na kidogo. Lakini italia karibu kwenye kila deki ya CD, hata kwenye nyingi za zamani za gari.

CD hiyohiyo ya MB 700, ukijaza MP3 za kbps 128 (kilobiti 128 kwa kila sekunde ya muziki), inakupa kama saa 12 za muziki. Shida yake ni mpangilio. Deki nyingi hufuata majina ya mafaili, na "10" hutangulia "2", kwa hiyo andika 01, 02, 03. Kwenye harusi ya dada yangu sikufanya hivyo. Wimbo wa kumwingiza bibi harusi ukalia watu wakiwa wanakula. Iliniuma sana.

Na ujue: kuigeuza MP3 kuwa CD ya sauti hakurudishi ubora uliokwisha kupotea muziki ulipobanwa kuwa MP3. Kanda za bibi yangu nilizozirekodi upya nazichoma kama CD za sauti, moja kwa moja kutoka WAV, yaani mafaili ya sauti ambayo hayajabanwa.