TAHADHARI: Diski za nje za "TB 2" zinazouzwa Mwanjelwa

Ndugu zangu wapiga video wa Mbeya, Iringa na Njombe, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, kwa sababu tangu Jumatatu sijui nimwambie nini mama mzazi wa bibi harusi wa Tukuyu niliyemrekodi. Nimeuziwa diski ya nje ya SSD (aina isiyo na sehemu inayozunguka) iliyoandikwa TB 2, yaani terabaiti mbili, kumbe ndani yake hakuna hata sehemu ya kumi ya nafasi hiyo.

Niliingia dukani kwa muuzaji huyo, Mwanjelwa hapa Mbeya, Jumatano, saa kumi jioni, mvua ikianza kunyesha. Aliitoa diski kwenye boksi lililofungwa kwa nailoni, akaichana nailoni kwa ukucha mbele ya macho yangu, kisha akaichomeka kwenye laptopu iliyokuwa juu ya kaunta, na kompyuta ikaonyesha TB 1.81. Hapo ndipo niliponaswa. Ninajua vizuri kwamba kiwanda huhesabu kwa elfu na kompyuta ya Windows huhesabu kwa 1,024, hivyo diski halali ya TB 2 huonekana hivyohivyo, nami nikajisemea kwamba mghushi asingejisumbua na hesabu ndogo kama hiyo. Alinakili video ya dakika chache, akaifungua, ikacheza bila kukwama. Alitaja 140,000, nikamshusha hadi 115,000, nikamlipa kwa simu nikiwa nimesimama palepale, wala sikudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Naomba nisionekane mtu wa kununua ovyo. Kwa miaka mitatu nimenunua kwake betri na chaja za kamera, na betri moja ilipovimba aliibadilisha bila maneno. Hunisalimia kwa Kinyakyusa na anamfahamu mdogo wangu. Aliponiambia kwamba mzigo umepitia mpakani Tunduma na ndiyo maana bei iko chini, nilimwamini, kwa kuwa vitu vingi tunavyotumia hupita huko.

Kamera zangu mbili hurekodi video za muundo wa AVCHD kwa megabiti 24 kwa sekunde, yaani karibu GB 11 kwa saa, na kila moja ina kadi ya GB 64. Sherehe ya kumuaga binti, ambayo haikufika GB 50, niliinakili Alhamisi usiku. Harusi ya Jumamosi ilikuwa kama GB 110, nayo ilichukua karibu saa nne kuhamia kwenye diski. Niliona majina yote ya mafaili na ukubwa wake, nikafuta kadi na kulala, kwa sababu Jumapili asubuhi nilikuwa na ubatizo Uyole.

Jumatatu nilipoanza kuhariri, bibi harusi alionekana akipambwa, shangazi yake akimfunga mkufu, gari likaondoka nyumbani, na baada ya hapo kila faili likagoma kufunguka. Fundi amejitahidi kuzifufua kadi na ameokoa vipande vya ukumbini. Ibada na kuvishana pete vilikuwa mwanzoni mwa kadi, na ubatizo umerekodiwa juu yake. Nilipolipasua kasha la diski kwa kisu nilikuta kibao kidogo cha saketi na kadi ya memori ya GB 64, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imegandishwa kwa gundi nyeupe. Kidhibiti chake, yaani chipu inayoiendesha, kimechezewa ili kiidanganye kompyuta kuhusu nafasi, na kadi ikishajaa, majina ya mafaili huendelea kuandikwa huku yaliyomo yakitupwa.

Nilipomrudia muuzaji alinijibu mbele ya wateja kwamba nimeiharibu mwenyewe kwa kuifungua. Mtu huyu afungiwe duka, mzigo wake wote uteketezwe, na Tume ya Ushindani, ambayo kudhibiti bidhaa bandia ni kazi yake, imfikishe panapostahili. Asirudishe 115,000 pekee, bali alipe na fidia ya familia ile, kwa maana harusi hairudiwi. Sitaki kusikia habari ya kusuluhishana naye.

Dalili zilikuwapo. Kwingine diski ya ukubwa huo niliambiwa inazidi laki tatu. Plagi yake ilikuwa na plastiki ya bluu kama ya USB 3.0, lakini ndani ina pini nne tu badala ya tisa, na kasi yake haikuvuka MB 8 kwa sekunde. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza diski yote na kuisoma upya. Kwa diski hii ingechukua zaidi ya siku mbili, lakini ingeunasa udanganyifu mapema. Kadi zenu msizifute kabla ya kufungua mafaili ya mwisho kwenye diski na kuyatazama.

Diski, boksi lake na ujumbe wa muamala nimevihifadhi, na Jumatatu ijayo asubuhi ninakwenda polisi kufungua RB, yaani kuandikisha malalamiko. Aliyeuziwa kama mimi aje na kifaa chake bila kukifungua, twende pamoja.