Kamusi ya simu inayochanganya ucheshi na kinaya

Nimeitumia kamusi hii ya simu kwa miezi mitatu katika kazi yangu ya uhariri, na kwa mengi imenifaa: haihitaji intaneti, hutafuta neno kwa haraka, na mifano yake ya vitenzi imechaguliwa vizuri. Kasoro iliyonisikitisha iko kwenye maneno mawili ninayoyahitaji karibu kila siku. Ucheshi umefafanuliwa kuwa ni maneno ya kuchekesha, na kinaya kuwa ni maneno ya kuchekesha kwa mafumbo, kana kwamba la pili ni tawi la la kwanza.

Sivyo kabisa. Ucheshi, kama kitenzi "cheka" kinavyodokeza, hutambuliwa kwa athari yake: mtu anayehangaika kutafuta miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso anachekesha, ingawa hajasema neno wala hapana maana iliyofichwa. Kinaya hutambuliwa kwa pengo lililopo kati ya kinachosemwa na kinachokusudiwa, au kati ya kinachotarajiwa na kinachotokea. Anayemwambia mwenzake aliyechelewa kwa saa mbili, "Leo umewahi kweli," ametumia kinaya, na huenda mwenzake asitabasamu hata kidogo. Katika tamthilia ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, mfalme Oedipus anamlaani muuaji wa Laius, mfalme aliyemtangulia, na kuapa kumsaka, huku hadhira ikijua kwamba muuaji ndiye yeye mwenyewe. Hicho ni kinaya kizito, na hakuna anayecheka. Hata katika Kiarabu, lilikotoka neno hili, kinaya ni kudokeza jambo badala ya kulitaja waziwazi, na kicheko hakimo.

Nakubali kwamba viwili hivi hukutana mara nyingi, lakini kuvichanganya kuna madhara. Katika mswada mmoja, mjane anamshukuru mwanasheria kwa "uaminifu" wake baada ya kugundua kwamba amempora mirathi. Pembeni niliandika neno moja la sifa, "kinaya", na mwandishi, baada ya kulitafuta katika kamusi hii, aliifuta sentensi hiyo akidhani ninamlaumu kwa kufanya mzaha na msiba. Ilikuwa sentensi bora kuliko zote katika sura ile, na tuliirudisha baada ya mazungumzo marefu.

Nimewaandikia waandaaji nikipendekeza fasili mpya na mfano mmoja kwa kila neno. Kwa sasa naipa nyota tatu kati ya tano: vitenzi nitaendelea kuvitafuta humo, lakini istilahi za fasihi nimezirudisha kwenye kamusi yangu ya karatasi.