Semina ya siku moja kuhusu utiifu kazini: maoni ya muuguzi aliyehudhuria

Semina hii, iliyoandaliwa kwa ajili ya wauguzi na wahudumu wengine wa afya, inahusu jambo ambalo kila aliyefanya kazi wodini analijua ingawa hatulizungumzi: kwa nini mtu mwenye akili timamu na roho nzuri hutekeleza agizo analoliona waziwazi kuwa na kasoro, kwa sababu tu limetoka kwa mkubwa. Nililipa shilingi 70,000, chai na chakula cha mchana vikiwemo, na sijutii hata senti moja, ijapokuwa nina lalamiko moja zito.

Asubuhi ilianza na majaribio ya mwanasaikolojia Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, yaliyoanza mwaka 1961, miezi michache baada ya kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Wanazi wa Ujerumani aliyejitetea kwamba alifuata amri tu, kufunguliwa Yerusalemu. Watu wa kawaida waliambiwa wampige shoti ya umeme mtu wa chumba cha pili kila alipokosea jibu, kwa mashine yenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450. Shoti zilikuwa za uongo, lakini wao hawakujua. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walifika swichi ya mwisho. Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo, na msikilizaji huondoka akiamini kwamba binadamu ndivyo alivyoumbwa. Mkufunzi wetu hakuishia hapo, na kwa hilo nampa heshima yake. Alieleza kwamba mtoa amri alipotoka chumbani na kuagiza kwa simu, waliofika mwisho walipungua hadi takriban mmoja kati ya watano, na kwamba washiriki wawili waliopangwa kwa siri walipokataa kuendelea mbele ya mwenzao, ni 4 tu kati ya 40 waliofika mwisho. Watu walikuwa wa aina ileile. Kilichobadilika ni nani amesimama karibu nao.

Kisha ikaletwa chupa ya dawa mezani, yenye lebo iliyosema dozi ya juu kwa siku ni miligramu 10, na simu ikalia. Niliitwa mimi kuipokea. "Sista, mpe mgonjwa wa kitanda namba 7 miligramu 20 sasa hivi, nitakuja kusaini." Nilikuwa nimeshaisoma lebo, na kidole changu kilikuwa bado juu ya ile namba 10, lakini nilijibu, "Sawa, daktari." Sauti ile ya kwenye simu sikuwahi kuisikia maishani. Ndipo tukaambiwa kwamba daktari wa magonjwa ya akili Charles Hofling na wenzake walifanya jaribio la namna hiyohiyo katika hospitali za Marekani, wakalichapisha mwaka 1966, na kwamba wauguzi 21 kati ya 22 walikuwa njiani kwenda kumpa mgonjwa dawa hiyo walipozuiwa. Nimefanya kazi hii miaka 14, na saa ile nilikumbuka zamu zangu kadhaa ambazo sitaziandika hapa.

Lalamiko langu ni la mpangilio wa ukumbi. Waandaaji waliwaalika wauguzi wakuu wa vituo vyetu na kuwaketisha mstari wa mbele, sisi nyuma yao. Mkufunzi alipouliza ni nani amewahi kutilia shaka agizo la mkubwa wake, hakunyanyuka mkono hata mmoja katika ukumbi wa watu zaidi ya 40, na kila mmoja alikuwa anatazama kisogo cha bosi wake. Huwezi kuwafundisha watu kusema huku umewaweka chini ya jicho lilelile linalowanyamazisha. Wakubwa wapangiwe siku yao, kwani nao wanahitaji kujifunza namna ya kupokea swali bila kukunja uso.

Jambo jingine lililokosekana ni jaribio la mwaka 1977 la watafiti Rank na Jacobson, ambapo dawa ilikuwa inafahamika na wauguzi waliruhusiwa kushauriana na wenzao; hapo ni 2 tu kati ya 18 waliokuwa tayari kutoa dozi ya hatari. Kwa muuguzi wa zamu ya usiku, hii ndiyo habari yenye manufaa kuliko zote, maana inamwambia cha kufanya: mwite mwenzako, someni lebo pamoja.

Mchana tulifanya mazoezi wawiliwawili ya kurudia agizo kwa sauti, kutaja namba iliyo kwenye lebo, na kuomba agizo liandikwe kabla ya kugusa dawa. Zoezi hilo lilipewa dakika 40 tu, ilhali lilistahili saa 2. Mwenzangu, ambaye kwa kawaida ni mpole mno, alirudia mara 3 ndipo sauti yake ikaacha kutetemeka: "Daktari, lebo inasema 10. Naomba uje uandike."